Aerokobra ya baba mdogo

Juu ya kabati la vyombo nyumbani kwa baba mdogo, kule Morogoro, kuna kidege cha plastiki ambacho tangu tukiwa wadogo tulikatazwa kukigusa. Si kikubwa, urefu wake ni kama sentimita 13 tu. Kimepakwa rangi ya kijani, ile ya kupakia milango, na kila bawa limechorwa bendera ya Tanzania kwa mkono, mistari ikiwa imepinda kidogo. Pangaboi lake lilikuwa na panga tatu, sasa zimebaki mbili, na hilo panga la tatu hadi leo anasingiziwa kaka yangu mmoja ambaye siku hiyo wala hakuwepo. Sisi watoto wote tuliamini kwamba hiyo ni ndege ya jeshi letu iliyopigana Kagera. Niliwahi hata kuwatangazia wenzangu shuleni, kwa kujiamini kabisa, na hakuna aliyenibishia.

Hivi karibuni nilikwenda kumjulia hali mzee, nikaomba ruhusa ya kukishusha. Akacheka, akasema sasa umekua, shusha. Kisha akaingia chumbani na kutoka na faili lake la vyeti vya chuo, humo ndani akachomoa karatasi moja iliyochoka, yenye michoro ya vipande vya ndege na maandishi ya Kirusi. Yeye alisomea uhandisi wa migodi mjini Donetsk miaka ya 1980, enzi zile Umoja wa Kisovieti ulipokuwa ukipokea vijana wengi kutoka Afrika. Akanisomea neno la juu kabisa: Aerokobra.

Ndugu msomaji, mwandishi wa habari akishasikia neno asilolijua halali. Nikaanza kufukua, na nilichokikuta ndicho hiki ninachokusimulia. Ni historia ya vita, lakini imepitia dukani, kwenye rafu ya vitu vya watoto.

Kwanza ndege yenyewe. Aerokobra, au P-39 kwa jina la kijeshi, haikuwa ya Tanzania wala ya Urusi. Ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Bell, huko Buffalo, jimbo la New York. Ilikuwa ndege ya ajabu kidogo. Injini ilikaa nyuma ya rubani badala ya mbele, mzinga wa milimita 37 ulipiga kupitia katikati ya pangaboi, na rubani aliingia kwa mlango wa pembeni, kama anaingia kwenye teksi. Zilitengenezwa zaidi ya 9,500. Waingereza walizijaribu wakaona zinaishiwa nguvu zikipanda juu sana, wakazikataa. Wasovieti vita vyao vingi vya angani vilikuwa vya chini chini, wao wakazipenda. Walipelekewa zaidi ya 4,700, takriban nusu ya zote. Aleksandr Pokryshkin, mmoja wa marubani wao maarufu kabisa na aliyetunukiwa ushujaa wa nchi hiyo mara tatu, alipigana sehemu kubwa ya vita akiwa ndani ya Aerokobra.

Hapo nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe bado, kwa sababu kile kidege cha plastiki nacho kina historia yake, na haikuanzia Urusi. Kalibu iliyokizaa ilitoka Uingereza.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1932 Mwingereza mmoja, James Hay Stevens, alianza kutoa videge vya mbao vya kuunganisha vilivyoitwa Skybirds. Alichagua skeli ya 1/72, yaani kila kitu kinapunguzwa mara 72. Namba hiyo haikutoka hewani. Kwa vipimo vya Kiingereza, mtu mwenye urefu wa futi 6 anakuwa inchi 1 kamili, na hivyo hesabu inakwenda vizuri mezani. Namba ya Stevens ikashika, na hadi leo ukienda duka la vitu hivi Tokyo au Berlin utaikuta kwenye maelfu ya maboksi, hata katika nchi ambazo hazijawahi kupima kitu kwa futi.

Wakati huohuo kulikuwa na kampuni nyingine ikitengeneza videge vya kurusha kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Jina lake Frog, yaani chura, na ilielezwa kuwa ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba ndege hii hupaa yenyewe kutoka ardhini. Mwaka 1936 Frog ikatoa kitu kipya, videge visivyoruka, vya kuunganisha kwa gundi na kuweka mezani, vilivyotengenezwa kwa plastiki ya zamani iitwayo selulosi asetati. Mfululizo huo wakauita Penguin. Ukijua kwamba pengwini ni ndege mwenye mabawa asiyeweza kuruka, utakubali kwamba walijua kuchagua jina. Hivyo ndivyo vinavyohesabiwa kuwa videge vya kwanza vya plastiki vya kuunganisha duniani. Ubaya wa plastiki ile ni kwamba haizeeki vizuri, inajikunja. Vilivyobaki vya wakati ule vingi vina mabawa yaliyopinda kama ukili uliosahaulika juani.

Halafu ikaja vita, na hapa ndipo toy ikaacha kuwa toy.

Tarehe 6 Septemba 1939, siku ya tatu tangu Uingereza iingie vitani, ndege za Spitfire za Uingereza ziliziona ndege mbili mashariki mwa London, zikazishambulia na kuziangusha zote mbili. Zilikuwa Hurricane, za Uingereza hiyohiyo. Rubani mmoja, Montague Hulton-Harrop, akafa. Huyo ndiye rubani wa kwanza wa ndege za kivita za nchi hiyo kuuawa katika vita ile, na aliuawa na wenzake. Hakuna kati ya waliompiga aliyekuwa msaliti au mlevi. Walikuwa vijana wenye wasiwasi walioona umbo angani na kuamini ni la adui.

Jambo hilo liliendelea kuua watu vita nzima. Usiku wa tarehe 11 Julai 1943, ndege 144 zilizobeba askari wa miamvuli wa Kimarekani kwenda Sicily zilipita juu ya meli na askari wa upande wao wenyewe, na 23 zikaangushwa na mizinga hiyohiyo ya wenzao. Ile ilikuwa usiku, na sidhani kama mafunzo yoyote ya kutambua ndege yangetosha. Lakini mchana yangeweza kusaidia, na ndiyo maana majeshi yakageukia videge.

Hesabu yake ni rahisi. Kidege cha skeli ya 1/72 ukikitazama kutoka mita 10, macho yako yanakiona kwa ukubwa uleule ambao yangeiona ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Kwa hiyo unakining'iniza darasani kwa uzi, unamsimamisha askari mwisho wa chumba, unakigeuza huku na huku, unamuuliza: hii nini? Ya nani? Mapema 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge videge 500,000 vya mbao, aina 50 za ndege, kila aina 10,000. Ziligawiwa ramani na vipimo, walimu wa useremala wakawa wakaguzi, na kidege kilichopinda bawa kilirudishwa. Watoto waliofanya vizuri walipewa vyeti vyenye vyeo vya heshima. Baadaye viwanda vikachukua kazi, ikiwemo kampuni ya Cruver ya Chicago iliyotoa videge vyeusi vya plastiki kwa wingi.

Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Sisi utotoni magari yetu tuliyatengeneza kwa waya na magurudumu ya malapa yaliyokatika, na kosa la fundi lilikuwa gari kuvuta kushoto. Mtoto wa shule Marekani mwaka 1942 alikuwa anachonga bawa la ndege ya Kijapani akijua kwamba akikosea milimita mbili, kuna mtu ataonyeshwa umbo lisilo sahihi.

Basi vita ikaisha, ujuzi ukabaki na plastiki ikawa bora. Polisitirini ikachukua nafasi ya ile asetati iliyojikunja. Inayeyushwa, inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, inapoa, inatoka ikiwa na vipande vyote vimeshikana kwenye fremu kama matunda kwenye tawi. Uingereza ikainuka Airfix, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Mhangaria aitwaye Nicholas Kove, ambaye kabla ya kuingia kwenye vitu vya kuunganisha biashara yake kubwa ilikuwa vitana vya nywele. Mwaka 1949 ilitengenezewa kalibu ya trekta la Ferguson, kwa ajili ya wauzaji wa matrekta kuwaonyesha wateja. Kuliunganisha kiwandani kulikuwa na gharama, hivyo likaja kuuzwa vipande vipande, mnunuzi ajiunganishie mwenyewe. Mwaka 1952 ikafuata merikebu ndogo ya Golden Hind, iliyouzwa ndani ya mfuko wa plastiki katika maduka ya Woolworths, na mwaka 1953 Spitfire.

Spitfire hiyo ilikuwa mbovu. Waliochunguza wanasema ilinakiliwa kutoka kidege cha kampuni ya Kimarekani, Aurora, pamoja na makosa yake. Ndani ya miaka michache Airfix wenyewe walitoa nyingine. Nimelitaja hili makusudi, kwa sababu sisi wa magazeti tunaujua ugonjwa huo vizuri sana. Mmoja anakosea, wa pili ananakili, wa tatu anawanakili wote wawili na kuandika "vyanzo mbalimbali vinasema".

Japani nako mji wa Shizuoka, uliokuwa na mafundi wa mbao tangu zamani, ukageuka kuwa makao makuu ya kazi hii, Hasegawa na Tamiya wote wanatoka huko. Nchi iliyokatazwa kutengeneza ndege halisi hadi mwaka 1952 ikaja kuwa mwalimu wa dunia katika ndege ndogo. Hilo ni somo la siku nyingine.

Mimi nataka kuifuata Frog, maana ndiyo iliyoleta kidege kabatini kwa baba mdogo.

Frog ilikuwa chini ya Lines Bros, kampuni kubwa ya vitu vya watoto ya Uingereza iliyoanguka mwaka 1971. Mali zake zikauzwa vipande, na Frog ikaingia mikononi mwa kampuni ya Dunbee-Combex-Marx. Sasa katika biashara hii, mali yenyewe ni kalibu. Ni bonge la chuma lililochongwa kwa miezi mingi na kwa fedha nyingi, lakini likishakamilika linaweza kutoa videge miaka na miaka bila kuuliza nani bosi wake. Katikati ya miaka ya 1970 wenye Frog wakaingia mkataba na Umoja wa Kisovieti. Kalibu ziende kule, Wasovieti wazitumie, na malipo yawe ni videge vyenyewe, vitakavyorudi kuuzwa Magharibi kwa jina jipya la Novo. Kalibu zikafungwa na kusafirishwa, katikati ya Vita Baridi.

Lakini si zote. Zile za ndege za Ujerumani, Italia na Japani Wasovieti hawakuzitaka. Nchi iliyopoteza watu milioni zaidi ya 20 katika vita ile haikuwa tayari kuwauzia watoto wake ndege za Hitler, na kwa kweli nani angewalaumu? Kalibu hizo zikaishia kwa kampuni ya Revell. Kwa hiyo mkusanyiko mmoja, uliochongwa na mafundi walewale, uligawanywa kwa mstari uleule wa vita iliyokwisha miaka 30 nyuma. Mtoto wa Kisovieti aliyetegemea kalibu za Frog aliweza kuipigana vita yote mezani kwake akiwa na upande mmoja tu.

Kuna jambo jingine lililonichekesha. Katika miaka ile vitabu vya Kisovieti havikupenda sana kuzungumzia misaada ya Marekani wakati wa vita. Ushindi ulikuwa wa nchi yenyewe. Halafu humohumo dukani, kwa bei ya mtoto, kuna Aerokobra, ndege ya Buffalo, New York. Plastiki ikasema kile ambacho mwalimu wa historia alikipita haraka haraka.

Dunbee-Combex-Marx ikaanguka mwaka 1980 na jina la Novo likafa pamoja nayo. Kalibu hazikufa. Zilikuwa zimeshagawiwa kwenye viwanda vya vitu vya watoto katika miji kadhaa, kimojawapo Donetsk, na viwanda hivyo viliendelea kuwauzia wananchi wa huko, mara nyingi kwenye maboksi ya karatasi duni na bila stika. Hata Umoja wa Kisovieti wenyewe uliposambaratika mwaka 1991, kalibu zilibaki zilipo, na videge vyake vikaendelea kutoka Urusi na Ukraine kwa majina ya kampuni ambazo nyingine zilidumu miaka miwili mitatu tu. Kampuni mbili za Uingereza zimekufa na dola moja kubwa imekufa, chuma kikazidi kutema Spitfire.

Baba mdogo alinunua chake Donetsk, duka la vitu vya watoto karibu na bweni.

Sasa nije kwenye upande wa pili wa hadithi, ambao ndio ulionifanya nigombane na nafsi yangu. Baada ya kujua kidege ni nini, nilitaka kukirekebisha. Nilitaka kiwe Aerokobra ya kweli. Na nikagundua kwamba kuna sekta nzima duniani inayoishi kwa hamu hiyohiyo, ya watu wanaouza vipande vya ziada vya kusahihisha videge vya kampuni nyingine.

Tatizo wanalotibu ni la kimaumbile. Plastiki haiwezi kuwa nyembamba vya kutosha. Kuta za kidege zikiwa na unene wa milimita 1, kwenye ndege halisi huo ungekuwa ukuta wa sentimita 7, nene kuliko wa banda la kuku. Ndege halisi ngozi yake ni bati jepesi. Mkanda wa kiti cha rubani wenye upana wa sentimita 5 kwenye skeli ya 1/72 unakuwa milimita 0.7. Hakuna kalibu ya chuma ya miaka ile ingeweza kuutoa, kwa hiyo chumba cha rubani kwenye videge vya zamani ni shimo lenye kitu kama kigoda na juu yake bonge la plastiki linaloitwa rubani.

Dawa ya kwanza ilikuwa rezini, inayomiminwa kwenye kalibu laini ya mpira wa silikoni inayoweza kunakili hata ukucha. Mbelgiji François Verlinden aliipa umaarufu kwenye miaka ya 1980. Dawa ya pili ni karatasi nyembamba ya shaba ya manjano, na hiyo nimeipenda kwa sababu za kikazi. Shaba inapakwa dawa inayogeuka kwa mwanga. Juu yake unaweka filamu yenye mchoro, unamulika, unasuuza, kisha unatumbukiza kwenye kemikali inayokula shaba pale tu ambapo dawa imeondoka. Kinachobaki ni mikanda, saa za dashibodi, pedali, vyote vimeshikana kwenye fremu kama vipande vya plastiki vilivyo. Wazee waliofanya kazi kwenye viwanda vya uchapaji kabla ya kompyuta watakuwa wameshatambua: ni njia ileile iliyotumika kutengeneza picha za magazeti kwenye bamba za zinki. Picha ya waziri akikata utepe na mkanda wa rubani wa Spitfire ni ndugu wa tumbo moja.

Mabingwa wa leo wa kazi hiyo wako Jamhuri ya Czech. Kampuni ya Eduard ilianzishwa mwaka 1989 katika mji wa Most, mji wa makaa ya mawe kaskazini mwa nchi. Mwaka 1989 ndio mwaka serikali ya kikomunisti ya Chekoslovakia ilipoanguka, na kuanzisha kampuni binafsi kukawa jambo la kuwezekana. Mji wenyewe una kisa. Most ya zamani ilibomolewa yote ili kuchimba makaa yaliyokuwa chini yake, kikabaki kitu kimoja walichoona haya kukivunja, kanisa la karne ya 16. Mwaka 1975 walilipandisha kanisa zima kwenye reli na kulisukuma mita 841 hadi mahali papya. Watu waliokulia penye fundi wa namna hiyo, kukata mkanda wa milimita 0.7 sidhani kama kuliwatisha.

Eduard walianza kwa kusahihisha videge vya wengine, wakaendelea hadi kutengeneza vya kwao, na hapo nao wakaonja. Mwaka 2014 walitoa ndege maarufu ya Kijerumani, Messerschmitt Bf 109G, kwa skeli ya 1/48. Wanunuzi wakatoa rula. Ilikuwa kubwa kuliko inavyotakiwa. Kwa macho ya kawaida huioni tofauti hiyo, lakini hawa si watu wa macho ya kawaida, hawa ni watu wanaohesabu ribiti. Eduard wakalikubali kosa, na mwaka 2016 wakatoa nyingine iliyochongewa kalibu mpya kabisa.

Mimi niliwahi kukosea jina la marehemu kwenye habari ya ajali. Nilimwandika aliye hai kuwa amekufa na aliyekufa kuwa majeruhi. Marekebisho yalitoka siku mbili baadaye, ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo kama chungu, chini ya tangazo la matairi. Nikifikiria watu waliochonga upya chuma kwa sababu ya tofauti usiyoweza kuiona bila rula, naona aibu hadi leo.

Sekta hii nayo haiko salama na uongo. Mwaka 1986 kampuni ya Testors ya Marekani ilitoa kidege ilichokiita F-19, ndege ya siri isiyoonekana kwenye rada. Serikali ilikuwa haijakiri kwamba ndege ya aina hiyo ipo. Kidege kikauzwa kama njugu, kikaandikwa magazetini, na hata wabunge wa Marekani wakahoji inakuwaje siri ya taifa inauzwa dukani huku wao wenyewe hawaruhusiwi kuiona. Mwezi Novemba 1988 jeshi likaonyesha picha ya ndege halisi, F-117. Ile ya Testors ilikuwa laini, yenye mikunjo ya mviringo kama samaki. Ile halisi ilikuwa imekatwa katwa kwa bapa, kama almasi iliyochongwa na mtu mwenye haraka. Hazikufanana hata kidogo. Malaki ya watu walikuwa wameshaunganisha, wamepaka rangi na kuweka kabatini, kwa uangalifu mkubwa, ndege ambayo haikuwahi kuwepo.

Sasa turudi Morogoro.

Rafiki yangu anayesoma Prague alinitumia bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi ya stika za kulowesha majini, zenye nyota nyekundu na namba za Aerokobra za Kisovieti, kipande cha shaba chenye mikanda na dashibodi, na pangaboi la rezini lenye panga tatu. Nikanunua na rangi. Mpango ulikuwa kuosha ule ukijani wa mlango, kufuta bendera, na kumrudishia mzee Aerokobra kama zilivyokuwa mwaka 1943. Nilijiona natenda haki ya historia.

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, kama anavyosikiliza wahubiri.

"Unajua rangi hiyo niliitoa wapi?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

"Mlango wa bweni. Walikuwa wanapaka milango, nikaomba kidogo kwenye kopo la maziwa."

Ilikuwa Desemba, akasema, na baridi ya kule siyo ya kusimulia. Watanzania chuoni kwao walikuwa wachache na walitaka kuadhimisha Uhuru, tarehe 9, lakini hawakuwa na bendera. Kila nchi iliyofanya sherehe iliweka bendera yake mezani. Wakaona huyu mwenye kidege atumie hichohicho. Nyeusi ilikuwa wino, njano na bluu alipewa na msichana mmoja wa sanaa, kijani cha mlango kilikuwa tayari kimepakwa kidege kizima. Alichora kwa kijiti cha kiberiti. Kidege kikasimama katikati ya meza, wakaimba wimbo wa taifa, wakala wali ambao nao kuupata ilikuwa kazi.

Nikamuuliza kwa nini hakuweka nyota nyekundu kama ilivyo kwenye karatasi.

"Nyota nyekundu nilikuwa naziona kila mahali, mwanangu. Hadi kwenye vifungo."

Tukakaa kimya kidogo. Tangu mwaka 2014 Donetsk imekuwa ikitajwa kwenye taarifa ya habari kwa sababu ya vita, na tangu 2022 ndiyo zaidi. Mzee hutazama taarifa hiyo hadi mwisho kisha hutoka nje kumwagilia mchicha. Siku hiyo alizitazama zile stika za nyota akiwa amezishika mbali na macho, miwani ikiwa kwenye paji la uso, akazirudisha kwenye bahasha. Ile shaba yenye mikanda aliipenda sana, akaigeuza geuza dirishani, akasema kijana aliyeikata angefaa kwenye upimaji wa migodi.

Pangaboi tulilibadilisha jioni hiyo. Lile la zamani, lenye panga mbili, amelitia kwenye faili la vyeti pamoja na ile karatasi ya Kirusi. Kidege kimerudi juu ya kabati na bendera zake, na kaka yangu nimempigia simu kumwambia kesi imefungwa.